Viraka Vyenye Majina: Historia Fupi ya Mfarishi Mikononi mwa Watu Walio Mbali na Kwao



Kamati ilipoamua kutoa toleo hili la kumbukumbu ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, walimu tuliombwa kila mmoja aandike juu ya jambo analolifahamu. Wenzangu wameandika juu ya shule, maji na afya. Mimi nimechagua sindano. Asubuhi nafundisha darasa la tano. Mchana, mimi na wenzangu watatu tunaongoza darasa la akina mama na wasichana wanaoshona mifarishi ya viraka. Ushonaji niliupata chuo cha ualimu, katika somo la kazi za mikono, na wakati ule sikudhani kwamba ndilo somo litakalonifuata mpaka hapa Rugerero.

Katika mikutano yetu swali moja limerudi mara nyingi: darasa hili ni la nini? Wako wanaosema ni la kutafuta pesa, kwa hiyo kila kinachoshonwa kiuzwe. Wako wanaosema ni la kupunguza mawazo, kwa hiyo kinachoshonwa hakina uzito, bora watu wameketi pamoja. Sasa swali hilo limekuwa kali zaidi. Upo mfarishi mmoja mkubwa unaokaribia kumalizika, ambao kila mama ameshona kiraka chake na kuandika jina lake na la mahali alipotoka. Mnunuzi amekwisha kuonekana. Je, uuzwe au ubaki?

Sisi walimu tuna desturi: swali likiwa gumu, tunalipeleka kwanza kwenye historia. Naomba wasomaji wanifuate huko, kisha turudi pamoja kwenye mkutano.

MFARISHI NI KITU GANI

Neno mfarishi ni la Kiswahili cha zamani. Ni tandiko au blanketi lililoshonwa kwa matabaka. Kwa kawaida matabaka ni matatu: uso, ambao ndio huonekana, ujazo wa kati, ambao huweza kuwa pamba, blanketi kuukuu au nguo zilizochakaa, na mgongo wa chini. Matabaka haya hupigwa bandi kwanza ili yasiteleze, kisha sindano hupita kutoka juu mpaka chini na kurudi, mstari kwa mstari, hadi yote yawe kitu kimoja. Hewa inayobaki kati ya matabaka ndiyo inayohifadhi joto. Usiku wa hapa, baridi inaposhuka kutoka milimani, hakuna anayehitaji kuelezwa zaidi.

Uso wa mfarishi unaweza kuwa kitambaa kimoja, lakini maskini wa dunia nzima wameutengeneza kwa viraka. Kiraka ni kipande kilichookolewa: upindo wa kitenge, mfuko wa suruali, shati la mtoto lisilomtosha tena. Hapa Rwanda nguo za mitumba huitwa caguwa, neno lililotokana na Kiswahili chetu, chagua, kwa sababu mnunuzi huinama juu ya rundo akichagua. Mwaka 2016 serikali ya Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo hizo kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Tangu hapo nguo kuukuu ni mali, na anayetupa shati bila kukata vipande vyake vizima anatupa pesa.

Vifaa ni vichache: sindano, uzi, mkasi, na subana ya kukinga kidole. Cherehani husaidia kuunganisha viraka, lakini kushikiza matabaka matatu kunaweza kufanyika kwa mkono mtupu, penye umeme au pasipo umeme. Ndiyo maana kazi hii imeingia magerezani, melini na kambini, mahali ambapo kazi nyingine hazikuweza kuingia.

KIRAKA SI AIBU

Wengi wetu tulilelewa kuona kiraka kama alama ya unyonge. Historia ya pande zetu inasema vingine.

Kanga, vazi la heshima la pwani, inasimuliwa kwamba ilianza kwa kuunga vipande. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua vitambaa vya leso vilivyouzwa vikiwa vimeungana katika jora. Badala ya kuvikata kimoja kimoja, walivikata vitatu vitatu, wakaunganisha mikato miwili ubavu kwa ubavu, wakapata vazi la leso sita. Neno leso lenyewe ni la Kireno. Wafanyabiashara waliona, wakaanza kuchapa kitambaa kizima kwa mtindo huo. Baadaye yakaja maneno chini ya picha, na kanga ikapata ulimi. Kwa hiyo, kabla ya kiwanda kulikuwa na mwanamke mwenye sindano, na desturi ya kuandika juu ya nguo ni yetu tangu zamani.

Huko Sudan, Muhammad Ahmad alipojitangaza kuwa Mahdi mwaka 1881, wafuasi wake walivaa joho lenye viraka kuonyesha kwamba wameacha anasa za dunia. Baada ya muda viraka vile vilipangwa vizuri, kwa rangi na vipimo, vikawa sare ya jeshi lililotawala nchi hiyo mpaka mwaka 1898. Kitu kilichokuwa alama ya umaskini kikawa alama ya fahari.

Kwetu Kongo, na Rwanda na Burundi pia, wazee wanakumbuka foyer social, vituo vilivyofunguliwa na serikali ya kikoloni ya Ubelgiji baada ya Vita Kuu ya Pili. Humo wanawake walifundishwa kushona, kupika na kutunza nyumba kwa namna ambayo wakubwa wa wakati ule waliona inafaa. Mpango ulitoka juu, na mwanamke hakuulizwa anataka kushona nini. Hata hivyo ufundi ulibaki mikononi, mama akamfundisha binti, na mpaka leo mtu wa Goma au Bukavu akisikia neno foyer anafikiria sindano na cherehani. Naomba tulikumbuke jambo hili: darasa la kushona linaweza kuanzishwa na mtu mwingine kwa shabaha zake, na wanafunzi wakalifanya kuwa lao.

NDUGU ZETU WA INDIA

Magharibi mwa India, katika jimbo la Karnataka, wanaishi watu waitwao Siddi. Asili yao ni Afrika. Mababu wa wengi wao walichukuliwa watumwa, wakapelekwa Goa kwa meli za Wareno, na baadhi wakatoroka kuingia misituni, ambako uzao wao uko hadi leo. Ndugu zao wa jimbo la Gujarat bado wanacheza ngoma wanayoiita goma, na hapo Mswahili hahitaji mkalimani.

Wanawake wa Siddi wa Karnataka hushona mfarishi waitao kawandi. Hawaanzi katikati. Huanza pembeni, kwenye ukingo, kisha huzunguka wakiongeza viraka kuelekea ndani mpaka wafike kitovu. Viraka ni vya nguo zilizochakaa za jamaa nzima. Pembe nne za mfarishi hupambwa kwa vipande vilivyokunjwa viitwavyo phula, maana yake maua. Mfarishi usio na maua hayo huhesabiwa kuwa uko uchi, yaani haujakamilika. Mwaka 2004 wanawake hao waliunda chama cha ushirika ili kuuza mifarishi yao mbali.

Watu hawa walipoteza mengi: nchi, lugha ya mababu, hata majina ya koo. Lakini mtu akiona kawandi ikining'inia juani anajua hapa pana nyumba ya Siddi. Kushona kwao kumewapa sura mbele ya majirani na mbele ya dunia.

MIFARISHI MIWILI YA WAFUNGWA

Sasa nataka tulinganishe mifarishi miwili iliyoshonwa na wanawake waliokuwa kizuizini. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Wa kwanza ni wa mwaka 1841. Meli iitwayo Rajah iliondoka Uingereza mwezi Aprili ikiwa na wafungwa wanawake 180, waliohukumiwa kupelekwa kisiwa ambacho leo ni Tasmania, huko Australia. Makosa ya wengi wao yalikuwa wizi mdogo mdogo. Chama cha akina mama wa Kiingereza, kilichoongozwa na Elizabeth Fry, kilikuwa na desturi ya kuwapa wafungwa wa aina hii sindano, nyuzi na vipande vya vitambaa ili wawe na kazi ya kufanya baharini. Safari ilichukua zaidi ya miezi mitatu. Walipofika mwezi Julai walikuwa wameshona mfarishi wa vipande 2,815, ukapewa mke wa gavana kama zawadi. Umeshonwa kwa ustadi, na juu yake kuna maandishi ya shukrani kwa wafadhili waliotoa vifaa. Mfarishi huo ulipotea machoni pa watu kwa muda mrefu, ukapatikana huko Scotland, na tangu mwaka 1989 umehifadhiwa Australia, katika jumba la sanaa la taifa.

Lakini majina ya washonaji hayamo. Wafadhili wametajwa, walioshona hawakutajwa. Watafiti wamechunguza orodha ya meli na hata alama za vidole vilivyochomwa na sindano, wakijaribu kukisia ni akina nani walioshika kazi. Wale wanawake walishona vipande karibu 3,000 na hakuna kimoja kinachosema, mimi ni fulani.

Wa pili ni wa mwaka 1942. Mwezi Februari mwaka huo Wajapani waliiteka Singapore, wakawafunga raia wa mataifa ya Ulaya na wengineo katika gereza la Changi. Wanaume waliwekwa upande mmoja, wanawake na watoto upande mwingine, na waume askari walikuwa katika kambi nyingine jirani. Kuandikiana barua kulikatazwa. Mke hakujua kama mume yu hai, na mume hakujua kama mke na watoto wamepona.

Mwanamke mmoja wa Kanada, Ethel Mulvany, aliongoza kazi ya kushona mifarishi kwa ajili ya majeruhi walioko hospitali. Kila mwanamke aliyetaka alipewa kipande cha kitambaa cheupe, aweke juu yake jambo lake mwenyewe pamoja na jina lake. Mmoja alitarizi ua, mwingine nyumba, mwingine ramani, mwingine utani mdogo ambao mumewe peke yake angeuelewa. Viraka 66 vilifanya mfarishi mmoja. Ili wakuu wa gereza wasikatae, mfarishi mmoja uliandikwa kuwa ni zawadi kwa majeruhi wa Kijapani, mwingine kwa Waingereza, mwingine kwa Waaustralia. Ukaruhusiwa. Ulipofika hospitalini, wanaume wakaukimbilia na kusoma kiraka kimoja baada ya kingine. Aliyeona jina la mke wake alijua kwamba bado anaishi. Mifarishi mitatu ipo mpaka leo, miwili Australia na mmoja Uingereza, na majina yanasomeka.

Linganisheni, wasomaji. Yote miwili ni kazi ya mikono iliyofungwa. Mmoja umebaki kuwa uzuri usio na mwenyewe. Mwingine ulikuwa barua, ukawa daftari la watu, na sasa ni ushahidi. Tofauti yao si ustadi, kwa maana wa Rajah huenda ukawa bora zaidi kwa mshono. Tofauti yao ni majina.

WAKIMBIZI WA HMONG NA SOKO

Kuna wasomaji watakaosema: hao walikuwa wafungwa wa vita, sisi ni wakimbizi, na njaa yetu ni ya kila siku. Basi tuangalie wakimbizi wenzetu.

Kuanzia mwaka 1975 watu wa kabila la Hmong walikimbia Laos baada ya vita, wakavuka mto Mekong kuingia Thailand. Wengi walizama au kupigwa risasi majini. Kambi yao kubwa ilikuwa Ban Vinai, iliyofunguliwa mwaka 1975 na kufungwa mwaka 1992. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa na watu zaidi ya 40,000.

Wanawake wa Hmong walikuwa mafundi wa kutarizi na kushona viraka tangu kale. Kazi yao waliiita paj ntaub, maana yake kitambaa cha maua. Ilikuwa ya michoro ya duara na pembe, isiyo na picha za watu. Kambini, kuelekea mwisho wa miaka ya 1970, kukazuka aina mpya: vitambaa vya hadithi. Vijana na wanaume wenye mkono wa kuchora walichora, wanawake wakashona. Juu ya kitambaa kimoja unaona kijiji, mashamba ya mpunga, ndege za vita, watu wakikimbia msituni na watoto mgongoni, kisha mto, na wavukaji wakielea juu ya mianzi. Watu ambao lugha yao haikuwa na vitabu vingi waliandika historia yao kwa uzi.

Vitambaa hivyo viliuzwa. Jamaa waliokwisha kufika Marekani waliviuza sokoni na kurudisha pesa kambini, na familia nyingi zilipata chumvi na nguo kwa njia hiyo. Lakini soko lilikuja na amri zake. Wanunuzi walisema rangi kali za Kihmong haziendani na vyumba vyao, wakataka buluu na rangi za udongo. Waliomba pia picha za amani, za wanyama na mavuno, kuliko za vita. Washonaji wakafuata, kwa kuwa tumbo halina subira. Vitambaa vingi vilivyosema ukweli mkali viliondoka kambini vikaenda kuta za mbali, na watoto waliozaliwa baadaye wakaviona kwenye majumba ya makumbusho tu.

Sisemi walikosa. Nasema anayeuza kila kitu, hata kumbukumbu, huja kuinunua kwa bei kubwa kuliko aliyouzia.

AKINA MAMA WA ALABAMA

Mfano wa mwisho wa mbali ni wa Marekani, katika wilaya ya Wilcox, jimbo la Alabama. Hapo pana kijiji kiitwacho Gee's Bend, kilichozungukwa na mto pande tatu. Wakazi wake ni wazao wa watumwa waliolima pamba. Wanawake wake walishona mifarishi kwa nguo za kazi zilizochanika: magoti ya suruali, migongo ya mashati, magunia. Walishona ili watoto wasife kwa baridi, kwa kuwa upepo ulipita katika mbao za nyumba.

Katika miaka ya 1960 Weusi wa Alabama walidai haki ya kupiga kura. Kivuko cha Gee's Bend, kilichowafikisha mjini, kilisimamishwa mwaka 1962, na hakikurudi mpaka mwaka 2006. Waliojiandikisha kupiga kura walifukuzwa kwenye nyumba na mashamba ya mabwana zao. Mwaka 1966, kwa msaada wa kasisi Francis X. Walter, akina mama wa wilaya hiyo waliunda chama cha ushirika kilichoitwa Freedom Quilting Bee, yaani kikundi cha uhuru cha washona mifarishi. Mifarishi iliuzwa kwa mnada New York. Kwa pesa walizopata walinunua ardhi, wakajenga nyumba ya kushonea, na sehemu ya ardhi hiyo wakaziuzia familia zilizofukuzwa. Sindano ikawapatia watu kiwanja.

Mwaka 1972 walipata kazi ya kudumu kutoka kampuni kubwa ya maduka, Sears: kushona foronya za kitambaa kizito cha mistari. Kila foronya ilipaswa kufanana na nyingine, bila ubunifu wowote. Ilikuwa kazi ya mshahara, nao waliuhitaji. Lakini mabaki ya kitambaa kile waliyachukua nyumbani, na jioni, wakiwa na dada zao na majirani, waliyashona kuwa mifarishi yao wenyewe, kwa mpango wa akili zao. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilipoonyeshwa Houston na kisha New York, iliyowashangaza watu haikuwa foronya. Miongoni mwake ilikuwamo ile iliyoshonwa kwa mabaki yake, kila mmoja ukiwa na jina la mama aliyeushona.

Hapa nadhani jibu letu linaanza kuonekana. Mchana walishona cha soko, jioni walishona cha kwao. Kimoja hakikukiua kingine.

KUSHONA PAMOJA

Jambo moja limo katika mifano hii yote: watu hawakushona peke yao. Huko Marekani ya karne ya 19 majirani walizunguka fremu moja, wanawake wanane au kumi, wakamaliza kwa siku moja kazi ambayo ingemchukua mmoja wiki nyingi. Siku hizi wanawake wa huko huenda pamoja mahali patulivu kwa siku mbili tatu, wakashona, wakala pamoja na kulala hapohapo. Wakatoliki wetu wanajua neno mafungo. Haya ni mafungo ya sindano. Nasi tuna salongo, Wanyarwanda wana umuganda, na likilimba zetu zimewafundisha akina mama kuaminiana kwa zamu. Mbegu tunayo.

Rwanda yenyewe inao mfano. Mwaka 1997, miaka mitatu tu baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Christiane Rwagatare alianzisha huko Rutongo, kaskazini ya Kigali, karakana ya kutarizi iitwayo Savane Rutongo-Kabuye. Wanawake waliotoka pande ambazo vita vilizitenganisha waliketi katika chumba kimoja na kushona picha kubwa za kuning'inizwa ukutani. Mtu anayeshona huinamisha macho, na aliyeinamisha macho huweza kusema neno ambalo asingelisema akitazamana na mwenzake.

Na hapa Rugerero kuna kijiji cha manusura na ukumbusho wa mauaji ya kimbari. Msanii Lily Yeh, mzaliwa wa China aishiye Marekani, alifanya kazi na wanakijiji kuujenga na kupaka nyumba zao rangi. Sehemu za ukumbusho huo zimepambwa kwa vipande vya vigae vilivyovunjwa na kupangwa upya. Hiyo nayo ni kazi ya viraka, ila sindano yake ni saruji. Tunaishi jirani na watu wanaojua maana ya kuunganisha vilivyovunjika.

Tunaishi pia karibu na mahali palipokuwa kambi ya Mudende. Wakimbizi wa Kongo waliokuwa pale walishambuliwa na waasi wenye silaha mwezi Agosti 1997, na tena mwezi Desemba mwaka uleule. Mamia waliuawa. Waliopona walihamishiwa Gihembe, huko Byumba, na Gihembe nayo ilifungwa mwaka 2021 kwa sababu ya makorongo yaliyokuwa yakila mlima, watu wakapelekwa Mahama. Kambi hufunguliwa na kufungwa. Hema huoza, kadi za mgao hubadilishwa, daftari za ofisi huenda na ofisi. Mtu aliyezaliwa Gihembe leo akitaka kumwonyesha mtoto wake ushahidi kwamba waliishi pale, atamwonyesha nini? Mfarishi hukunjwa, huwekwa kichwani, na huvuka mpaka pamoja na mwenye nao.

TUFANYE NINI

Kwa hayo yote, maoni yangu kwa mkutano ni haya.

Kwanza, mfarishi mkubwa wenye majina usiuzwe. Mnunuzi ashonewe mwingine mzuri kama huo, usio na majina ya watu na vijiji. Pesa ya kweli tunaihitaji, na hakuna aibu kushona cha sokoni, lakini soko lisipewe daftari letu. Hata hivyo si mimi wala Kamati wenye kauli ya mwisho. Wenye kauli ni wale waliotia jina. Waulizwe mmoja mmoja, na anayetaka kiraka chake kitolewe, kitolewe.

Pili, usalama. Si kila mtu anaweza kuandika jina lake kamili na kijiji chake bila hofu. Kule Changi wengine walitumia picha ambayo jamaa peke yake angeitambua. Nasi tufanye hivyo. Ua, chungu, herufi moja, vyatosha.

Tatu, naomba wafanyakazi wa mashirika watusikilize. Ripoti zenu huuliza idadi ya wanafunzi na idadi ya vitu vilivyouzwa. Maswali hayo ni halali. Ongezeni moja: washonaji wamechagua wenyewe watakachoshona? Tunashukuru kwa vyerehani. Tukipata pia sanduku lisiloingia maji, lenye kufuli, na ukumbi kwa siku mbili kila muhula ili tufanye mafungo yetu ya kushona, mtakuwa mmetusaidia kwa kitu kisicho ghali na kinachodumu.

Nne, vijana wa kiume waje. Hmong walitufundisha kwamba anayechora na anayeshona wote ni waandishi wa kitabu kimoja. Shuleni ninao wavulana wanaochora kuta za darasa kila siku, bila kuagizwa.

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Kiraka chetu ni shibiri moja kwa shibiri moja, na mtu yeyote anaweza kukipata katika nguo asiyoivaa tena. Darasa hukutana Jumanne na Alhamisi, saa nane mchana, nyuma ya darasa la tano. Asiye na sindano aje tu. Mwenye uzi wa ziada aje nao. Mkutano wa kuamua juu ya mfarishi mkubwa utafanyika Jumamosi baada ya mgao, na wote walioshona waje wenyewe, wasitume mtu.

Ni mimi mwalimu wenu,
Rugerero